Somo la 9: Nani Alipe Utafiti wa Vali za Moyo?

Somo hili linaunganisha mambo mawili ambayo umezoea kuyasoma mbalimbali: moyo, uliousoma kwenye Baiolojia, na fedha, ulizozisoma kwenye Uraia na Biashara. Habari za aina hii hujitokeza kwenye ufahamu, kwenye ufupisho na kwenye insha za hoja, na mwanafunzi anayejua upande mmoja tu huishia njiani. Soma ukiwa na kalamu. Kila unapokutana na takwimu, jiulize inathibitisha nini.

Vali inavyoharibika

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na una vali nne. Vali ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi ilikotoka. Iliyopo upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, huitwa vali ya mitrali. Hiyo ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi katika ugonjwa tunaouzungumzia hapa, yaani ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi.

Ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto, mara nyingi wa umri kati ya miaka 5 na 15, hupata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria waitwao streptokoka wa kundi A. Nyumbani watasema ni tonsesi, atasukutua maji ya chumvi, na baada ya siku chache atarudi shuleni. Kwa watoto wengi habari huishia hapo. Kwa wachache, wiki mbili au tatu baadaye huja homa, viungo huvimba na kuuma kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, na moyo nao hushambuliwa. Homa hiyo ikirudi mara kwa mara, vali hupata makovu. Vali yenye makovu ama haifunguki yote, ama haifungi sawasawa na damu huvuja kurudi nyuma. Mgonjwa huchoka upesi, hukosa pumzi akipanda mlima, huvimba miguu. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi.

Angalia mtego huu. Bakteria hawali vali. Kinachoishambulia ni kinga ya mwili wenyewe, kwa sababu sehemu fulani za bakteria huyo zinafanana na protini za moyo, na kinga hushindwa kutofautisha adui na mwenye nyumba. Ukiandika kwamba "bakteria huingia moyoni na kutoboa vali", alama imekwenda. Wala usiandike "mshipa" ukimaanisha "vali". Mshipa ni mrija, vali ni mlango.

Matibabu yapo ya ngazi tatu, na bei zake zinatofautiana kama baiskeli na basi. Koo hutibiwa kwa penisilini, dawa ya bei nafuu. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hudungwa penisilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili asishambuliwe tena. Vali ikishaharibika sana, unabaki upasuaji wa kuikarabati au kuweka ya bandia, unaofanyika katika hospitali chache zenye wataalamu, kwa mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam. Na aliyewekewa vali ya bandia ya kiwandani hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, huku akipimwa damu mara kwa mara. Kumbuka ngazi hizi tatu, kwa sababu hoja nzima ya fedha inasimama juu yake.

Fedha zilikuja, kisha zikaondoka

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa huu haujafanyiwa utafiti kwa sababu ni wa Afrika. Historia inasema jambo chungu zaidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 homa ya baridi yabisi iliua watoto wengi wa shule huko Marekani na Ulaya, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikawaangusha maelfu ya askari wa Marekani waliolala wamebanana kambini. Jeshi likatoa fedha. Maabara ikafunguliwa kwenye kambi ya Francis E. Warren, jimbo la Wyoming, chini ya daktari Charles Rammelkamp, na mwaka 1950 kundi lake likatangaza matokeo: askari mwenye koo la streptokoka akipewa penisilini mapema, homa ya baridi yabisi haimpati. Mwaka 1954 kundi hilo lilipewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za utabibu Marekani.

Kisha nyumba za nchi tajiri zikawa na nafasi, daktari akawa karibu, dawa ikapatikana, na ugonjwa ukapungua huko hadi ukasahaulika. Fedha za utafiti zikahamia kwenye magonjwa mengine ya moyo. Ugonjwa wenyewe ulibaki Afrika, Asia ya Kusini, visiwa vya Pasifiki, na kwa wenyeji wa asili wa Australia na New Zealand. Makadirio ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 33 duniani walikuwa nao na zaidi ya 300,000 walikufa kwa mwaka. Hata hivyo fedha za kuutafiti ni kidogo mno ukilinganisha na zinazokwenda kwenye malaria, kifua kikuu au UKIMWI.

Sababu ndizo za kuziandika kwenye insha. Moja, ugonjwa huu hautishii nchi tajiri. Mbili, mgonjwa wake ni maskini, hivyo hana soko la kumvutia mtengeneza dawa. Tatu, penisilini ni dawa ya zamani isiyo na hataza, yaani hakuna kampuni yenye haki ya pekee ya kuiuza. Basi hakuna anayetarajia faida kwa kulipia utafiti wake. Hata utengenezaji wake huyumba: kwenye mwaka 2016 nchi nyingi ziliripoti upungufu wa sindano hii ya bei ndogo.

Linganisha na mfano mwingine ili uone kwamba vali yenyewe haina kosa. Huko Paris upo Wakfu wa Leducq, ulioanzishwa mwaka 1996 na Jean Leducq na mkewe Sylviane.  Wakfu huu hutoa ruzuku kwa mitandao inayounganisha watafiti wa nchi mbalimbali. Mtandao mmoja uliofadhiliwa hivyo ulichunguza vali ya mitrali inayolegea, hali inayowapata watu wa nchi zote, wakiwemo matajiri, na mwaka 2015 watafiti wake walitangaza jeni moja inayohusika, iitwayo DCHS1. Vali ni ile ile ya mitrali. Ikilegea inapata mtandao wa kimataifa, na ikipata makovu ya umaskini inasubiri.

Swali lililoulizwa Uganda

Sasa tuje kwenye mfano mkuu wa somo hili. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wanafunzi wa Kambodia na Msumbiji. Ulionyesha kwamba mashine ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambayo watu huiita ultrasaundi au eko, iliwaona watoto wenye vali zilizoathirika karibu mara 10 zaidi ya waliogunduliwa kwa daktari kusikiliza kifua tu. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Walikuwa wakicheza mpira kama wenzao. Hali hiyo huitwa ugonjwa uliojificha.

Ugunduzi huo ulizaa swali gumu. Mtoto asiyeumwa chochote, picha ikionyesha alama kwenye vali yake, adungwe sindano kila mwezi kwa miaka? Usilipite swali hili haraka. Sindano yenyewe inauma kweli. Mzazi atalipa nauli ya kwenda kituo cha afya kila mwezi, mtoto atakosa vipindi, na darasani ataitwa mgonjwa. Kama sindano haisaidii, tunawatesa watoto wazima. Kama inasaidia na hatuitoi, tunawaangalia wakiharibika. Kukisia hakutoshi, lazima kupima.

Kupima huko kulifanyika kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, kuanzia mwaka 2018, katika jaribio lililoitwa GOAL. Liliongozwa na Uganda Heart Institute ya Kampala pamoja na wataalamu wa hospitali za watoto za Marekani na watafiti wa Australia. Majina mawili ya kukumbuka ni Emmy Okello wa Uganda na Andrea Beaton wa Marekani. Watoto 102,200 walipimwa kwa ultrasaundi. Waliothibitishwa kuwa na ugonjwa uliojificha walikuwa 926, na kati yao 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliingia kwenye jaribio. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili: moja lilidungwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili, la pili lilifuatiliwa bila sindano. Kundi hili la pili ndilo kundi linganishi, na bila hilo hakuna jaribio.

Chukua kikokotoo. Gawanya 102,200 kwa 818, unapata karibu 125. Maana yake ni kwamba ili kumpata mshiriki mmoja ilibidi kupima watoto 125: kufika shuleni, kuomba ridhaa ya wazazi, kubeba mashine, kusoma picha, na kurudia picha zenye utata. Gharama ya utafiti huu haikuwa dawa. Gharama ilikuwa watu, mafuta ya gari, mashine na muda. Mwanafunzi anayeandika "utafiti ni ghali kwa sababu dawa ni ghali" hajasoma habari aliyopewa.

Nani alilipa? Si kampuni ya dawa, kwa sababu tulizokwisha kuziona. Fedha zilikusanywa kama mchango wa harusi. Alikuwemo Thrasher Research Fund, mfuko wa Marekani unaofadhili utafiti wa afya ya watoto. Lilikuwemo shirika la Gift of Life International, linalojulikana kwa kusaidia watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo. Ukawemo mfuko wa hospitali ya watoto ya Children's National ya Washington, pamoja na misaada mingine midogo ya wakfu za kampuni na za familia. Hakuna mmoja kati yao aliyebeba mzigo wote.

Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano watoto 3 tu, yaani asilimia 0.8, vali zao zilikuwa zimeharibika zaidi. Katika kundi linganishi walikuwa 33, yaani asilimia 8.2. Toa 0.8 kutoka 8.2, inabaki 7.4. Gawanya 100 kwa 7.4, unapata kati ya 13 na 14. Kwa kila watoto 13 hivi waliodungwa kwa miaka miwili, mmoja aliokolewa asiharibike zaidi. Madhara makubwa ya sindano yalikuwa machache sana. Swali lilikuwa limekaa zaidi ya miaka kumi bila jibu, na jibu likapatikana kwa dawa iliyokuwepo tangu enzi za babu zetu.

"Pamoja" maana yake nini?

Neno ushirikiano limechakaa kwa hotuba, kwa hiyo kwenye mtihani lieleze kwa vitendo. Kwanza ni idadi. Hospitali moja haina wagonjwa wa kutosha wa kuthibitisha jambo. Kati ya 2010 na 2012, hospitali 25 za nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ziliandikisha wagonjwa 3,343 katika daftari moja liitwalo REMEDY. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018. Daftari hilo lilionyesha kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake, na kwamba karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Baada ya miaka miwili, kati ya wale ambao habari zao zilipatikana, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Takwimu hizo zilisaidia kupeleka hoja mbele ya Mkutano wa Afya Duniani, ambao mwezi Mei 2018 ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu. Daftari tu, bila dawa mpya, na lilifanya kazi hiyo.

Pili ni mgawanyo wa ujuzi. Yuko anayejua kusoma picha za moyo, yuko anayejua takwimu, na yuko anayeijua lugha ya mama wa Gulu na njia ya kwenda kwake. Huyu wa tatu husahaulika kwenye bajeti, nami naona hilo ni kosa, kwa sababu mtoto asiporudi kudungwa wala kupimwa, hesabu za wengine wote zinakuwa bure.

Tatu ni mamlaka, na hapa ndipo insha nyingi hunyamaza. Ruzuku ikitoka nje, uliza: nani aliyetunga swali la utafiti? Data zinahifadhiwa wapi? Mashine zinabaki wapi mradi ukiisha? Jina la nani linaanza kwenye makala? Majibu yote yakiwa upande wa mtoa fedha, huo si ushirikiano, ni ajira ya muda.

Mfadhili akishindwa na matokeo yake

Swali la kawaida la watahini: "Je, mfadhili anaweza kupotosha utafiti?" Usijibu ndiyo au hapana tu. Toa mfano. Wagonjwa wengi wa vali hupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu huganda ndani ya moyo, na kipande kikipanda kichwani huleta kiharusi. Dawa ya zamani ya kuzuia hilo, kama warfarini, ni ya bei nafuu lakini humtaka mgonjwa apimwe damu kila mara. Dawa mpya, rivaroksabani, haihitaji vipimo hivyo. Jaribio liitwalo INVICTUS lilizilinganisha katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500. Mfadhili alikuwa Bayer, kampuni inayotengeneza rivaroksabani.

Matokeo ya mwaka 2022 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi: waliotumia dawa ya zamani walipata matatizo machache zaidi na walikufa wachache zaidi. Yakachapishwa hivyo hivyo. Kilicholinda ukweli ni utaratibu: swali liliandikwa na kusajiliwa kabla ya jaribio kuanza, na usimamizi ulikuwa mikononi mwa watafiti wa chuo kikuu. Ndiyo maana mkataba wa ufadhili lazima useme mapema kwamba matokeo yatatangazwa hata yakimkasirisha aliyelipa.

Kujibu swali la insha

Chukua mada hii: "Si sahihi serikali za Afrika Mashariki kutoa fedha za utafiti wa moyo wakati zahanati hazina dawa." Jadili.

Mada ina ukweli ndani yake, usiudharau. Mama aliyefika zahanati akaambiwa penisilini imekwisha hatashibishwa na makala ya kisayansi. Anza kwa kuukubali ukweli huo, ndipo uupime. Aya yako ya kwanza ya kupinga inaweza kusomeka hivi:

"Ni kweli kwamba dawa ni haki ya kwanza ya mgonjwa. Hata hivyo, utafiti ndio unaoiambia zahanati dawa hiyo impewe nani. Kabla ya jaribio la Uganda, hakuna aliyejua kwa hakika kama mtoto mwenye ugonjwa uliojificha anastahili kudungwa. Serikali iliyonunua sindano bila kujua ingeweza kuwachoma wasiohitaji na kuwaacha wanaohitaji. Aidha, serikali isiyochangia utafiti husubiri wageni waamue ni ugonjwa upi uchunguzwe. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulizitaka nchi wanachama zitenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo."

Ona kwamba aya hiyo ina hoja mbili na ushahidi mmoja kwa kila hoja. Haina neno "serikali yetu tukufu" wala haimtukani mwenye maoni tofauti. Aya ya pili iandike mwenyewe, kwa kutumia zile ngazi tatu za tiba: linganisha sindano ya kila mwezi na upasuaji wa vali, kisha sema fedha iliyookolewa ingefanya nini kwenye zahanati ile ile uliyoanza nayo.

Maswali

1. Eleza kwa nini si sahihi kusema kwamba bakteria hula vali za moyo. (alama 3)

2. Kwa kutumia mfano wa jeshi la Marekani na wa Wakfu wa Leducq, onyesha jinsi anayeumwa anavyoathiri mahali fedha za utafiti zinapokwenda. (alama 6)

3. Katika jaribio la GOAL, kundi linganishi lilikuwa na kazi gani? Kwa nini watoto waligawanywa kwa bahati nasibu na si kwa wazazi kuchagua? (alama 4)

4. Fupisha kwa maneno yasiyozidi 80 sehemu yenye kichwa "Fedha zilikuja, kisha zikaondoka". (alama 8)

5. Tuseme shule yako imechaguliwa kushiriki utafiti wa vali za moyo unaofadhiliwa na wakfu wa nje. Andika barua kwa mtafiti mkuu ukiuliza maswali manne ambayo wazazi wangependa yajibiwe kabla hawajatia saini fomu ya ridhaa, na kwa kila swali eleza kwa nini linaulizwa. (alama 15)